Alama Kumi za Huruma

Ukoo mzima ulikuwa na sheria moja ambayo haikuhitaji kuandikwa: binti mdogo wa msusi hapelekwi msibani. Babu alipozikwa, binti huyo alikuwa bado anang'oa meno ya utoto, na wakati watu wazima wameshikana mabega wanalia, yeye aliangua kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Shangazi yake akamfinya. Akacheka zaidi. Wakampeleka jikoni akalinde sufuria, na tangu siku hiyo kila ukoo ulipofikwa na jambo, yeye alikuwa mlinzi wa sufuria. Alikua akizijua sufuria za ndugu zake kuliko alivyowajua ndugu wenyewe.

Hakuna aliyejisumbua kumwuliza anacheka nini. Angeulizwa, angesema hacheki kitu. Kuna watu wakishikwa na hofu hutetemeka, kuna wanaokimbilia chooni. Yeye hofu ilimtokea mdomoni. Mbwa akimbwekea, anacheka. Mwalimu akiinua fimbo, anacheka, kisha anaongezewa za kicheko. Kadiri jambo lilivyomtisha ndivyo lilivyoonekana kumfurahisha, na watu, ambao huamini macho yao kuliko kitu kingine chochote, walikata shauri kwamba mtoto huyu hana moyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, katika kazi zote zilizojaa duniani, akachagua uuguzi.

Mama yake, msusi, hakuwa mtu wa kungoja jambo likamilike ndipo alitangaze. Asubuhi binti alipopata nafasi chuoni, wateja walisikia kwamba anakwenda kusomea uuguzi. Kufika mchana alikuwa daktari. Jioni alikuwa daktari wa upasuaji, na mwanamke mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, alikuwa ameshampeleka binti nyuma ya pazia kumwonyesha uvimbe.

"Shangazi, mimi hata sijaanza masomo," binti alilalamika, na kwa kuwa uvimbe ule ulimtisha, akacheka.

"Ona anavyocheka!" yule mteja alitoka akitangaza. "Kumbe si kitu kikubwa. Daktari mwenyewe kacheka."

Uvimbe, kwa bahati, haukuwa kitu kikubwa. Lakini sifa za binti zilivuma mtaa mzima.

Chuoni mambo yalianza vizuri. Wanafunzi walijifunzia kwenye chumba cha mazoezi, kwa mgonjwa wa plastiki waliyempa jina la Mzee Mpira. Mzee Mpira alikuwa mgonjwa ambaye kila hospitali ingemtamani. Hakupona wala hakufa, hakuomba maji, hakuwa na ndugu wa kuja kufoka dirishani. Ukimkosea mshipa, anakutazama tu kwa macho yake ya bluu. Binti wa msusi alimwosha, akamgeuza, akamfunga bendeji, akamchoma sindano mpaka paja likawa kama chujio, na hakucheka hata mara moja. Angemwogopea nini? Akawa wa kwanza darasani.

Mkufunzi wa vitendo alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, ambaye wanafunzi walimwita Bi Utulivu, kwa sababu hakuna mtu aliyepiga kelele kama yeye akidai utulivu. Bi Utulivu ndiye aliyesimamia mtihani mkubwa wa vitendo, ule wa kumhudumia mgonjwa wa kweli yeye akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Mtihani huo ulikuwa na alama za kunawa mikono, alama za kupanga trei, alama za usafi wa kidonda, na juu yake alama kumi za huruma. Na kwa kuwa huruma haipimwi kwapani kama homa, Bi Utulivu alikuwa ameitengenezea sura.

"Kichwa kilale upande," aliwafundisha mbele ya kioo kikubwa. "Nyusi juu. Macho yalegee, lakini yasisinzie. Midomo ifungwe... Nani huyo anaonyesha meno? Mgonjwa hakuja hapa kuhesabu meno yako!"

Darasa zima lilipanga sura mbele ya kioo kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya msiba. Binti wa msusi alijitazama, akaona kichwa kimelala na nyusi zimepaa, akaona Bi Utulivu anamjia, na kicheko kikamponyoka. Tangu hapo chuo kizima kilimwita Kicheko, na sisi tumwite hivyo hivyo.

Aliyeiweza sura ile kuliko wote alikuwa mwenzake wa bweni, msichana mrefu mpole aliyeitwa Malaika. Malaika alikuwa na sura ya huruma ya kuzaliwa nayo; Bi Utulivu alimnyoosha nyusi kidogo tu. "Tazameni," Bi Utulivu alisema, na karibu machozi yamtoke kwa fahari. "Hii ni kumi juu ya kumi. Hata jiwe lingefarijika."

Jiwe sijui. Lakini wodini alikuwako bwana mmoja aliyelazwa kwa jipu. Jipu lilikuwa kubwa, la heshima, limekaa pabaya, lakini lilikuwa jipu tu. Asubuhi moja alifumbua macho, akamwona Malaika amemwinamia, kichwa upande, nyusi juu, midomo imefungwa.

"Dada," alisema kwa sauti iliyokauka, "usinifiche. Ndiyo basi tena?"

Malaika alifanya kama alivyofundishwa. Akamwekea mkono begani. "Tuko pamoja nawe," alisema.

Kabla ya saa ya kutazama wagonjwa kwisha, bwana yule alikuwa amewaita ndugu zake, amewagawia ng'ombe, na amemwomba mke wake msamaha kwa jambo ambalo mke hakuwa na habari nalo kabisa. Kesho yake jipu likapasuliwa, usaha ukatoka, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mzima kama kigongo. Jipu lilipona haraka. Ndoa ilichukua muda zaidi.

Malaika alipata kumi juu ya kumi.

Kicheko naye alipelekwa wodi ya wanawake, na huko ndiko ilikotokea siku ambayo mpaka leo hawezi kuisimulia kwa utani, ingawa mambo mengine yote huyatania.

Alikuwako mgonjwa mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa akififia taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Binti yake alikuja kila asubuhi na chupa ya chai. Kicheko ndiye aliyekuwa akimwosha yule mama uso, na mama akimwambia kila siku neno lile lile: "Mikono yako si baridi." Asubuhi hiyo Kicheko alikuwa akimfunga mkono kipimo cha presha, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Hakusikia kitu. Alifikiri kipimo kimeharibika. Alifungua akafunga upya, akabadilisha mkono, akamwomba yule mama radhi kwa usumbufu. Muuguzi wa zamu alikuja, akamgusa mgonjwa shingoni, akavuta pazia.

"Nenda nje, mwite binti yake. Usimwambie kitu. Mwite tu."

Kicheko alitoka. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, chupa ya chai mapajani, anafungua kifuniko ili mvuke utoke, ipoe kidogo.

"Dada, vipi mama leo? Kaamkaje?"

Kicheko alifumbua mdomo ili amwite, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Kikubwa, kirefu, mabega yanaruka. Alijishika mdomo kwa mikono yote miwili, kikapita katikati ya vidole. Yule binti mwanzoni alitabasamu naye, akidhani ni habari njema. Kisha akaona muuguzi wa zamu amesimama mlangoni. Sura yake ilibadilika kipande kwa kipande, kuanzia machoni, na Kicheko aliiona yote, mwanzo hadi mwisho, huku anacheka.

Chupa ilianguka. Chai ilitapakaa koridoni mpaka chini ya viatu vya Kicheko.

Malalamiko yalifika chuoni kabla chai haijakauka, na yalikuwa ya haki. Bi Utulivu alimwita ofisini, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

"Nimefundisha watu wanaozimia, watu wanaotapika, na mmoja aliyekimbia na glovu mikononi mpaka leo hajarudi," alisema. "Hao nawaelewa. Wewe sikuelewi. Mtihani wako nitakusimamia mimi. Ukicheka mbele ya kitanda, utavua sare hiyo siku hiyo hiyo."

Kicheko alirudi nyumbani mwisho wa juma, akamweleza mama yake. Msusi alimsikiliza akiwa na kichwa cha mteja magotini.

"Mwanangu, unafikiri mimi sichekeshwi? Vichwa ninavyoviona hapa! Nikitaka kucheka naweka kitana mdomoni. Mtu aliyeuma kitu hacheki."

"Mama, nitamfunga mgonjwa kidonda nimeuma kitana?"

"Basi uma kitu cha kidaktari."

"Mimi si daktari, mama."

"Usiseme kwa sauti," msusi alinong'ona, akionyesha kwa jicho kile kichwa cha magotini.

Alijaribu kila njia. Aliuma mashavu kwa ndani mpaka akawa anakula kwa shida. Alijifinya. Alibana pumzi, akakaribia kuanguka juu ya mgonjwa wa mguu. Mwisho akavaa barakoa, akaona hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa mdomo usioonekana haushitakiwi. Lakini macho yalimtoka machozi na mabega yakaruka, na bibi kizee aliyekuwa akipimwa joto akamshika mkono, akaanza kulia naye. "Nani kafa, mjukuu wangu?" Wodi nzima ikapokea kilio. Barakoa ikapigwa marufuku.

Hivyo siku ya mtihani ilimkuta hana silaha. Mgonjwa aliyepangiwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa umri wa bibi yake, aliyeangukiwa na pasi ya moto juu ya mguu. Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja na bendeji ilikuwa imeng'ang'ania nyama. Wauguzi wote waliujua mguu ule, na zaidi waliujua mdomo uliokuwa upande wa pili wa mguu ule. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamfukuza mpishi na mchungaji wa zamu, mmoja kwa uji na mwingine kwa mahubiri.

Bi Utulivu alisimama miguuni pa kitanda na ubao wake wa alama, sura ya huruma ameipachika ili mwanafunzi aone mfano. Kicheko alinawa, akapanga trei: kibano, pamba, gauzi, beseni, maji ya chumvi. Mikono yake ilikwenda kama kwa Mzee Mpira. Kisha akafunua shuka, akauona mguu.

Kicheko kilianza kumpanda. Alikijua kinavyokuja: kwanza tumboni, kisha kifuani, kisha kinagonga meno kama mgeni mwenye haraka. Pembe za mdomo zikavutika. Fundi akaona. Akamtazama, na sura yake ikaanza kubadilika, kuanzia machoni, vilevile kama ile ya koridoni.

Kicheko hakuvumilia kuiona sura ile ikifika mwisho mara ya pili.

"Bibi," alisema, maneno yakisukumana, "mimi nikiogopa nacheka. Ni ugonjwa wangu tangu mtoto. Ukiniona nacheka, sikucheki wewe. Ujue naogopa."

Kalamu ya Bi Utulivu ilisimama hewani.

"Unaogopa nini?" Fundi aliuliza. "Mguu wako huu?"

"Naogopa kukuumiza."

"Kwani hutaniumiza?"

"Nitakuumiza, Bibi. Bendeji imeganda. Nitailowesha kwanza, lakini utaumia."

Fundi alimtazama juu mpaka chini, kama anayempima nguo. "Wa kwanza kusema kweli humu ndani," alisema. "Wengine wote, 'haiumi, haiumi', utafikiri wameungua wao. Haya. Na mimi nikiogopa natukana. Nimeshakwambia mapema, usije ukalia."

"Silii, Bibi. Nacheka."

"Basi anza, tusichelewane."

Ikawa mtihani ambao chuo hakijauona tena. Kicheko alimimina maji ya chumvi, akangoja, akamimina tena, akaanza kuinua gauzi uzi kwa uzi, anacheka mpaka machozi yanamchuruzika mashavuni. Fundi alitukana. Aliitukana pasi, akamtukana aliyeiunda, akawatukana wazazi wa aliyeiunda kwa kutomlea vizuri, akashuka mpaka kwa aliyegundua moto. Wa vitanda vya jirani waliziba masikio, kisha wakazibua kidogo. Na katikati ya kelele hizo mikono ya Kicheko ilitulia kama ya mtu mwingine kabisa aliyeazimwa kwa siku hiyo. Haikurarua, haikuharakisha. Kila Fundi alipokaza mguu, mikono ilisimama, ikangoja, ikaendelea.

Gauzi la mwisho lilipoinuka, kidonda kilikuwa safi, chekundu, hakina tone la damu mpya. Kicheko akakifunika, akafunga bendeji, akabandika plasta. Kicheko kikaisha chenyewe, kama mvua.

Fundi alishusha pumzi. Ndipo akamwona Bi Utulivu vizuri, amesimama pale pale, kichwa upande, nyusi juu.

"Na wewe, mama, una nini?" alimwuliza kwa upole ambao hakuwa ameutumia kwa mtu tangu alazwe. "Umefiwa?"

Nyusi za Bi Utulivu zilibaki juu kwa muda, hazina pa kwenda. Kisha zikashuka, na nyuma ya sura ile akaonekana mwanamke wa kawaida, amechoka, viatu vinambana, ambaye huenda hakuwa ameulizwa hali yake kwa miaka mingi.

"Hapana," alisema. "Nipo tu."

"Pole," alisema Fundi. "Keti basi. Kiti kile pale."

Hakuketi. Heshima ya chuo haikumruhusu. Lakini aliandika alama zake kwa haraka na kwa mkono mzito, akamwita Kicheko koridoni.

"Kidonda umekiweza," alisema akitazama ukuta. "Trei umeiweza. Huruma, sifuri. Umecheka mbele ya mgonjwa, umekubali kwamba utamwumiza, na umemruhusu atukane. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo kwenye mtaala."

"Ndiyo, mama."

"Zilizobaki zinatosha kukuvusha. Kwa shida." Alianza kuondoka, akageuka. "Na ule uso wangu... Wenzako nao huuona hivyo? Kama nimefiwa?"

Kicheko aliogopa sana swali hilo, na jibu likatoka lenyewe. Bi Utulivu alilipokea akiwa amenyooka, akaenda zake. Mwaka uliofuata kile kioo kikubwa kilihamishiwa stoo. Sura ya huruma iliendelea kufundishwa, ila sasa bila kioo, kila mwanafunzi akiikisia.

Msusi alipopata habari, wateja walisikia kwamba mwanawe amefaulu, na kwamba kilichombeba hasa ni huruma. Kicheko alimwacha. Yeye alikuwa na jambo lake ambalo hakulipeleka kwenye kibanda cha kusukia. Alasiri ya mtihani alirudi wodini kuchukua trei, akamkuta Fundi amelala. Alikuwa amepitiwa na usingizi katikati ya tusi. Mdomo ulikuwa bado umekaa tayari kwa neno lililosalia. Wauguzi walisema ndiyo mara ya kwanza mguu ule kumruhusu alale mchana. Kicheko alisimama pale na trei yake muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hakucheka. Hapakuwa na cha kuogopa.

Sasa ni muuguzi kamili. Kila mgonjwa mpya humwambia mapema, kama mtu anayemwonya mgeni juu ya mbwa wake: "Nikicheka, ujue naogopa." Wengine humwona kichaa, wakaomba muuguzi mwingine, na yupo Malaika, ambaye bado ana sura yake na bado huacha nyuma yake wosia usiotarajiwa. Wengi huzoea. Ndugu zake wa ukoo hawajazoea. Msibani bado ni jikoni, isipokuwa sasa wanamfuata huko huko jikoni kumwonyesha mapele.

Siku moja akiwa chumba cha chanjo, aliingia mwanamke na mtoto mchanga. Kicheko alikuwa ameshaivuta dawa kwenye bomba la sindano, akainua macho, akamwona. Alikuwa yule binti wa chupa ya chai. Mwanamke naye alisimama mlangoni, akamkumbatia mtoto zaidi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi." Kicheko kilikuwa kimeshafika mdomoni. Hakukizuia, maana kukizuia alikuwa ameshajua hakusaidii. Alisema akicheka, machozi yanamtoka, kwamba siku ile hakumcheka yeye wala mama yake. Kwamba mama yake alikuwa akimwambia mikono yake si baridi. Kwamba alibadilisha kipimo mkono kwa mkono kwa kuwa hakutaka iwe kweli. Kwamba hivi ndivyo anavyokuwa akiogopa, na kwamba anaomba radhi.

Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukulegea.

"Siku ile ungesema hivyo."

"Siku ile nilikuwa sijui kusema."

Mwanamke aliendelea kusimama pale mlangoni. Wengine waliokuwa kwenye foleni walianza kuguna. Mwishowe alikaa, akafunua paja la mtoto. Kicheko alipangusa ngozi, akachoma, akachomoa. Mtoto alipiga kelele iliyojaza chumba. Mama yake hakumtazama mtoto. Alikuwa bado anautazama ule mdomo unaocheka.

"Unaogopa hata sasa," alisema. "Kisindano kidogo hivi?"

"Sindano siiogopi, dada. Nakuogopa wewe."

Mwanamke hakucheka, wala hakusema amesamehe. Alimgeuza mtoto polepole, akafunua paja la pili.

"Kuna nyingine," alisema. "Maliza."